Mwongozo Kamili wa Kuchora Njia za Baiskeli na za Miguu za Lubumbashi kwenye OpenStreetMap

Wakaaji wengi wa Lubumbashi waliojiunga na OpenStreetMap, ramani huru inayotengenezwa na watu wa kujitolea duniani kote, hukwama mahali pamoja. Wanachora njia ya miguu wanayoipita kila siku, wanaihifadhi, mstari unaonekana vizuri kwenye ramani, lakini programu ya kuelekeza safari inawazungusha kwa barabara kuu kana kwamba njia hiyo haipo. Au, jambo lililo baya zaidi, inampeleka mwenye baiskeli katikati ya dambo (bonde la majani linalotuamisha maji) lililojaa maji ya mvua za Januari, au inamfikisha kwenye ua wa mtu.

Sababu huwa ni mbili. Ama mstari haukuunganishwa na barabara, ama ulipewa maelezo yasiyolingana na hali ya njia yenyewe. Kasoro hizo zote mbili zinaepukika ukizifuata hatua zilizo hapa chini kwa mpangilio wake, bila kuruka ile ya kwenda mwenyewe mpaka mahali penyewe.

Hapa kwetu jambo hili si dogo. Wauza makala (makaa ya kupikia) huingia mjini kutoka kwenye misitu ya miombo kwa barabara za Kasenga, Likasi na Kipushi, wakisukuma baiskeli zilizobeba magunia marefu, na mara nyingi huziacha barabara hizo ili kukwepa malori. Mtu mwenye mzigo wa namna hiyo akielekezwa kwenye daraja la gogo moja hawezi kugeuza kirahisi kama anayetembea mikono mitupu.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

- Simu yenye GPS, iliyochajiwa kikamilifu, pamoja na betri ya akiba ukiweza kuipata.
- Programu ya kurekodi mwendo. OSMTracker inafaa kwa Android. OsmAnd inarekodi pia, tena inafanya kazi bila intaneti ukiwa umekwisha kupakua ramani ya eneo lako.
- Akaunti ya OpenStreetMap, ambayo haina malipo.
- Kihariri cha kuchorea. Kwenye kompyuta tumia iD, kinachofunguka ndani ya kivinjari, au JOSM, kinachosakinishwa. Asiye na kompyuta atumie Vespucci kwenye simu.
- Daftari, kalamu na futi kamba ya fundi.
- Mtu wa kufuatana naye, hasa mkaaji wa eneo hilo.

Usiongeze kwenye orodha hii ramani ya Google wala ramani yoyote nyingine yenye haki za mwenyewe. Data ya OpenStreetMap hutolewa kwa leseni huria iitwayo ODbL, na kunakili kutoka kwenye ramani ya wengine kunaivunja misingi yake. Kazi iliyonakiliwa hufutwa ikigundulika, hata kama njia yenyewe ipo kweli.

## Hatua ya 1: Chagua njia moja na ujitambulishe

Anza na njia moja yenye mwanzo na mwisho unaojulikana, kwa mfano inayotoka kwenye barabara ya magari ya Ruashi hadi kwenye soko, au inayokatiza komini Annexe kuelekea mashambani. Anayetaka kuchora kartye (mtaa) nzima kwa siku moja hurudi na mistari mingi asiyokumbuka ipi ilikuwa ipi.

Kabla ya kutoka, mwone mkubwa wa avenue au wa kartye umweleze unachokusudia kufanya. Mtu anayetembea taratibu huku akitazama simu na kuandika daftarini huleta mashaka, na mashaka hayo ni ya haki. Maelezo ya dakika chache yanakuepusha na mabishano marefu barabarani.

Onyo: usirekodi wala kupiga picha karibu na kambi za jeshi, uwanja wa ndege wa Luano, au uzio wa makampuni ya madini. Njia ikipita huko, iache. Hakuna mstari wa ramani unaostahili kukuingiza katika matatizo na walinzi.

## Hatua ya 2: Tazama kilichopo tayari

Fungua ramani ya eneo lako ndani ya kihariri, si kwenye ramani ya kawaida ya kutazama peke yake, kwa sababu kihariri kinaonyesha kila mstari pamoja na maelezo yake. Huenda njia yako ilikwisha kuchorwa na mtu mwingine, ila ikakosa kuunganishwa. Hapo kazi yako ni kurekebisha, wala si kuchora mstari wa pili juu ya ule wa kwanza.

Andika daftarini mambo ambayo picha ya setilaiti haiwezi kukujibu: je, pale kwenye kijito kuna daraja? Mstari ule mweupe unaopita kati ya nyumba ni njia ya wote au ni ya ndani ya uwanja wa familia? Maswali hayo ndiyo yatakayokuongoza ukiwa njiani.

## Hatua ya 3: Rekodi mwendo kwa GPS

Hapa ndipo usahihi unapopatikana au kupotea, kwa hiyo usiende haraka.

Zima kwanza mpangilio wa simu wa kubana matumizi ya betri kwa programu unayorekodia. Simu nyingi za Android huisimamisha programu kimyakimya skrini inapozimika, na wengi hutembea njia nzima kisha wakakuta rekodi iliyokatika baada ya mita mia mbili. Washa rekodi, zima skrini kwa dakika mbili huku ukitembea, kisha iwashe tena uone kama mstari umeendelea. Ukiwa umeendelea, unaweza kuanza kazi.

Simama mahali pa wazi mpaka simu ionyeshe kwamba kadirio la kosa limeshuka hadi mita 5 hivi au chini yake. Mahali penye mwembe mkubwa au ukuta mrefu, mawimbi ya setilaiti hufika yakiwa yamegonga kwingine kwanza, na nukta zinaruka huku na huku.

Weka rekodi ya nukta kila sekunde moja. Sababu yake ni ya hesabu nyepesi: mwenye baiskeli anayekwenda kilomita 15 kwa saa husafiri takriban mita 20 katika sekunde tano, na ndani ya mita 20 kona nzima inaweza kupotea. Kwa njia nyembamba yenye kona nyingi, shuka utembee.

Shika simu mkononi au iweke juu ya begi, usiisukumie chini ya mfuko wa suruali. Nenda mpaka mwisho wa njia, kisha urudi kwa njia ileile. Rekodi mbili zikikaribiana zinakupa imani. Zikiachana mahali fulani, unajua wazi kwamba hapo GPS ilikosea na hupaswi kuitegemea.

Dalili ya mafanikio: mistari ya kwenda na kurudi inalala sambamba kwa sehemu kubwa, na mwanzo na mwisho wake vinagusa barabara unazozijua.

## Hatua ya 4: Andika kile unachokiona

GPS inakuambia njia ipo wapi. Haikuambii ni njia ya namna gani, na hilo ndilo mwenye baiskeli anataka kulijua.

Katika kila mahali panapobadilika, simama, weka alama kwenye OSMTracker, na uandike: udongo, mchanga, kokoto au saruji, upana, daraja, kivuko cha maji, geti, reli, ngazi, nguzo za kuzuia magari. Upana upime kwa futi pale panapobana zaidi, kwa maana njia yenye mita mbili kwa urefu wake wote na sentimita 60 kwenye daraja ni njia ya sentimita 60 kwa mwenye mzigo.

Mtazame muuza makala anavyopita. Magunia yamefungwa kwa vipande vya mpira wa chemba, yamezidi usukani kwa upana, na yeye mwenyewe hakai juu ya tandiko bali anatembea kando ya baiskeli, mkono mmoja ukishika usukani na mwingine ukisukuma mzigo. Anahitaji nafasi ya baiskeli pamoja na nafasi ya mwili wake. Kwa sababu hiyo sehemu ambayo mwanafunzi wa chuo kikuu pale Kasapa anaipita bila kufikiri inaweza kumzuia yeye kabisa.

Kisha uliza. Swali moja la heshima linatosha: «Papa, mvua ikinyesha munapita wapi na mzigo?» Jibu lake lina thamani kuliko picha yoyote ya setilaiti, kwa sababu picha nyingi zilizo wazi hupigwa wakati wa kiangazi, majani yakiwa yameungua na udongo mwekundu ukionekana vizuri. Kuanzia Novemba hadi karibu na Aprili hali huwa nyingine.

## Hatua ya 5: Linganisha picha ya setilaiti na GPS

Hamisha faili ya GPX, yaani rekodi ya mwendo wako, kutoka kwenye simu na uifungue ndani ya iD au JOSM. Chagua picha ya nyuma. Zile za Bing na Esri zimeruhusiwa kutumika kwa kuchora kwenye OpenStreetMap.

Usiiamini picha mara moja. Picha za setilaiti mara nyingi husogea mita kadhaa kutoka mahali pake halisi, na kila kampuni husogea kwa namna yake. Tafuta makutano ya barabara yaliyo wazi, tazama mistari ya GPS inapita wapi, kisha tumia mpangilio wa kusogeza picha mpaka barabara ya kwenye picha ilale chini ya GPS. Tumia rekodi zaidi ya moja ukiweza, pamoja na zile za watu wengine ambazo kihariri kinaweza kukuonyesha, kwa kuwa rekodi moja pekee inaweza kuwa yenyewe ndiyo iliyokosea.

Onyo: ukiona barabara zote zilizochorwa zamani zimehama kwa upande mmoja ukizilinganisha na picha mpya, usizisogeze. Kwa kawaida picha ndiyo iliyohama. Sogeza picha.

## Hatua ya 6: Chora, kisha uunganishe

Sogea karibu kwenye ramani mpaka uone njia vizuri, na uchore mstari ukiweka nukta mahali njia inapokunja tu. Sehemu iliyonyooka inahitaji nukta mbili. Usifuate kila mtikisiko wa GPS, kwa kuwa mtikisiko huo ni kosa la kifaa.

Sasa hatua ambayo ndiyo chanzo cha mwongozo huu. Programu za kuelekeza safari hazitazami mchoro. Zinasoma orodha ya nukta. Zinavuka kutoka mstari mmoja kwenda mwingine pale tu ambapo mistari yote miwili inatumia nukta ileile. Mstari unaokomea nusu mita kabla ya barabara, au unaopita juu yake bila nukta ya pamoja, ni kwa programu kama mto usio na daraja, hata kama machoni pako umegusana kabisa.

Katika iD, anza mstari wako kwa kubofya juu ya barabara yenyewe, na uumalizie kwa kubofya juu ya barabara nyingine. Nukta ya pamoja itaundwa yenyewe. Katika JOSM, chagua nukta ya mwisho pamoja na barabara, kisha bonyeza J.

Hakikisha kwa jaribio hili: ivute ile nukta ya makutano upande mmoja. Mistari yote miwili ikisogea pamoja, imeungana. Mmoja ukibaki nyuma, haijaungana. Baada ya kuona, tengua hatua hiyo ili nukta irudi mahali pake.

Fanya hivyo kwenye kila makutano, si kwenye ncha mbili tu. Njia inayokatiza avenue nne inahitaji nukta ya pamoja na kila avenue.

Kuna kosa la upande wa pili pia, nalo ni kuunganisha kisichopaswa kuunganishwa. Usiibandike njia kwenye mpaka wa shamba, ukuta wa nyumba, uzio au waya wa umeme kwa sababu tu vimepita karibu.

## Hatua ya 7: Toa maelezo ya kweli

Maelezo huandikwa kwa misimbo ya Kiingereza inayotumika dunia nzima. Iandike kama ilivyo, usiitafsiri, kwa maana programu haziijui kwa lugha nyingine.

Aina ya njia. Kwa njia ya udongo inayopitwa na watembea kwa miguu na baiskeli pamoja, tumia highway=path. Hiyo ndiyo njia ya kawaida ya pembezoni mwa Lubumbashi. Wanaoanza hupenda highway=footway, na programu nyingi huisoma hiyo kuwa ya miguu peke yake, zikawaondoa wenye baiskeli. Nayo highway=cycleway iachie njia iliyotengwa rasmi kwa baiskeli; ukingo wa barabara ambao waendesha baiskeli wanaupita kwa desturi hauingii humo.

Avenue ya kartye yenye nyumba pande mbili ni highway=residential hata kama korongo la mmomonyoko limeikata na gari halipiti tena. Hali mbaya huelezwa kwa maelezo ya ziada, wala barabara haishushwi daraja. Njia ya mashambani inayopitika kwa gari ni highway=track.

Nani anapita. Ongeza foot=yes na bicycle=yes ikiwa umewaona wakipita. Pikipiki zikipita, andika motorcycle=yes. Mahali ambapo mtu analazimika kushuka asukume, andika bicycle=dismount kwa sehemu hiyo pekee, baada ya kuukata mstari mwanzoni na mwishoni mwake. Njia ya ndani ya uwanja wa familia, shule au parokia ipewe access=private kama wageni hawaruhusiwi, au access=permissive kama wenyewe wanawaachia watu wapite.

Uso na hali. Tumia surface=ground, sand, gravel au concrete kulingana na ulichokiona. Kisha smoothness: intermediate kwa njia ambayo baiskeli ya kawaida ya mjini inaimudu, bad kwa inayohitaji tairi imara zaidi, na ushuke zaidi kadiri hali inavyozidi kuwa mbaya. Upana uandike kwa mita, kwa mfano width=0.6.

Mvua. Sehemu inayofurika ikate peke yake na uipe flood_prone=yes. Usiiandikie njia nzima. Mita arobaini za dambo hazipaswi kuifunga njia ya kilomita tatu.

Jina. Acha wazi kama njia haina jina ambalo wakaaji wanalitumia. Usiandike «njia ya makala» kwenye sehemu ya jina kwa sababu tu makala yanapita hapo.

## Hatua ya 8: Madaraja, vivuko na reli

Kwenye daraja, kata mstari pande zote mbili za maji, na kipande cha katikati ukipe bridge=yes na layer=1. Njia na kijito visiwe na nukta ya pamoja hapo, kwa sababu kimoja kinapita juu ya kingine. Mahali watu wanapokanyaga maji ni kinyume chake: njia na kijito viwe na nukta moja ya pamoja, na nukta hiyo ipewe ford=yes. Wengi huzichanganya hali hizi mbili, na mwenye baiskeli aliyetarajia daraja akakuta maji.

Reli inapokatizwa na njia ya miguu, weka nukta ya pamoja yenye railway=crossing. Ikikatizwa na barabara ya magari, ni railway=level_crossing.

Geti ni nukta juu ya mstari yenye barrier=gate, pamoja na maelezo ya nani anaruhusiwa. Ukuta ukiwa umechorwa kwenye ramani na njia inaupita, lazima kuwe na tundu au geti uliloliona mwenyewe.

## Kuhusu safari rasmi za baiskeli

OpenStreetMap ina namna ya kukusanya vipande vingi vya barabara kuwa safari moja yenye jina, kwa kutumia type=route na route=bicycle. Namna hiyo ni kwa ajili ya safari zilizowekewa alama njiani au zinazotambuliwa hadharani. Safari unayoipenda wewe, hata iwe nzuri kiasi gani, haifai kuingizwa humo, kwa sababu anayefuata nyuma yako hataweza kuithibitisha. Ukichora vipande vizuri na kuvieleza kwa ukweli, programu itaitunga safari yenyewe.

## Hatua ya 9: Pakia kazi yako

Kabla ya kupakia, soma maonyo ya kihariri. Onyo kwamba mistari miwili ipo karibu sana bila kuungana ni la kutazamwa kila mara. Onyo la njia inayokatiza nyumba humaanisha kwamba mstari au nyumba imekosewa.

Pakia kidogo kidogo, njia moja kwa kila upakiaji, na uandike maelezo yanayoeleweka: «Nimeongeza njia ya miguu na baiskeli Ruashi, nimeitembea na kurekodi kwa GPS.» Neno moja kama «marekebisho» halimsaidii mwenzako anayetaka kujua ulitegemea nini.

Ukitaka kuweka faili ya GPX hadharani ili iwafae wengine, kata kwanza sehemu inayoanzia nyumbani kwako.

## Hatua ya 10: Ijaribu njia

Subiri siku moja au mbili, kwa kuwa programu za kuelekeza hazisomi mabadiliko papo hapo. Kisha fungua ukurasa mkuu wa OpenStreetMap, chagua sehemu ya kutafuta safari, weka mwanzo upande mmoja wa njia na mwisho upande wa pili, na ujaribu kwa baiskeli na kwa miguu. Jaribu pia kinyumenyume.

Dalili ya mafanikio: mstari wa safari unapita kwenye njia yako pande zote mbili. Ukiikwepa, rudia jaribio la kuvuta nukta kwenye makutano yote, halafu kagua aina ya njia na ruhusa ya baiskeli. Mara nyingi kosa lipo kwenye mojawapo ya hayo.

## Hatua ya 11: Rudi baada ya mvua za kwanza

Njia za udongo huhama. Daraja la miti huchukuliwa na maji, mtu hujenga ukuta, na watembea kwa miguu wakafungua njia nyingine mita ishirini pembeni. Mwezi wa Desemba pita tena kwenye kila njia uliyoichora, rekebisha kilichobadilika, na uandike check_date pamoja na mwaka, mwezi na siku ya ukaguzi. Njia iliyozibwa kabisa ifute. Iliyofungwa kwa muda mfupi iache mahali pake, na uweke alama ya dokezo kwenye ramani ili mkaaji aliye karibu athibitishe itakapofunguka.

Ukikuta mtu mwingine ameibadilisha kazi yako, mwandikie kupitia maoni ya upakiaji wake umuulize alichokiona kabla ya kurudisha ulivyokuwa umechora. Huenda alipita hapo juzi, nawe mara ya mwisho ulipita wakati wa kiangazi.